Ubao Uliosema "Subiri" kwa Siku Kumi na Moja

Eliya na Rehema, nimestaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka kumi na saba, na wastaafu mnaowajua wana mvi na magoti yanayouma. Lakini kazi ni kazi. Hii nimeifanya miaka mitatu na ushee, nikiamka kabla ya jogoo wa jirani kila siku, ukiondoa siku chache ambazo nitazieleza. Jumatatu nakwenda shule ya bweni huko Masaka, na ubao wa kanisa letu la Kiswahili hapa Mbuya, Kampala, unabaki mikononi mwenu. Mzee Wafula alisema niwaeleze kila kitu kwa mdomo. Ninyi mnanijua. Naandika.

Mambo ya cheo na mshahara nitayapita. Cheo kilikuwa kimoja na kilikuwa siri. Mshahara ulikuwa andazi moja la moto, na mandazi nitayataja tena baadaye.

Kazi yangu ilianza na aibu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nusu. Watoto wa shule ya Jumapili tulipangwa mbele ya kanisa, kila mmoja na neno lake la kutia moyo. Langu lilikuwa fupi kuliko yote kwa sababu mwalimu alinihurumia: "Usiogope." Basi. Zamu yangu ilipofika nikawatazama watu, watu wakanitazama, nami nikaogopa. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikaenda kujibanza nje nyuma ya ubao, kati ya ua na migomba. Kutoka pale niliwasikia ndani wakingoja neno langu. Walingoja sana. Mwishowe kwaya ikaanza kuimba ili maisha yaendelee.

Mzee Wafula ndiye aliyenikuta. Ninyi mmemjua akiwa mlinzi wa funguo za kanisa, lakini kabla ya hapo alichora mabango ya maduka tangu Bungoma hadi Kampala. Ukiona bango la saluni lenye mwanamke mwenye shingo ndefu isiyo ya kawaida, huenda ni mkono wake. Sasa mkono huo ulikuwa umeanza kutetemeka, na herufi zake zilionekana kama zina baridi.

"Wewe ndiye Usiogope?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mwandiko wako ni mzuri?"

Nikatikisa tena.

"Hapo ulipokaa ni ofisini kwako. Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla watu hawajajaa barabarani. Hakuna atakayekuona."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Katika usaili mzima sikutamka neno.

Ubao wenyewe mnaujua. Ulikuwa wa chekechea fulani iliyofungwa, ukapigiliwa misumari kwenye ua wa kanisa ukitazama barabara na steji ya boda boda. Kila asubuhi unapokea neno moja la kumtia mtu moyo amwamini Mungu hadi jioni. Vifaa ni vinne: stuli, kitambaa chenye maji, chaki na sukari. Msishangae. Mzee alinifundisha kuloweka chaki katika maji ya sukari usiku mzima, kwa sababu chaki kavu ikipigwa na mvua ya Kampala inaondoka na neno lote, lakini yenye sukari inang'ang'ania. Kitu ambacho hakuniambia ni sisimizi. Wiki ya kwanza niliandika "Amani iwe kwenu", na kufikia saa mbili sisimizi walikuwa wamejipanga juu ya kila herufi, wakitembea kutoka A hadi U kwa nidhamu ambayo kanisa letu halijawahi kuwa nayo. Musoke, mwenyekiti wa steji, akaita wenzake waje waone. Alisema ni maandishi ya kwanza ya kanisa aliyoyaona yanatembea. Siku hizi natia kijiko kimoja tu cha sukari, si vitatu.

Kanuni za Mzee zilikuwa chache. Neno lisomeke na mtu aliye juu ya boda boda bila dereva kupunguza mwendo. Liwe na kitu cha kufanya. Lisiwe na jina la mwandishi, kwa kuwa mwandishi si yeye mwenye habari njema. Na ile aliyoirudia kila wiki hadi nikaichoka: "Usimwandikie mtu mmoja, Riziki. Ukimwandikia mmoja, wote watadhani ni wao, isipokuwa yeye."

Kesi ngumu zilikuwepo. Niliandika "Leo msamehe anayekuudhi", na kabla ya saa sita wanawake watatu walikuwa wameshakwenda kwa Mzee, mmoja mmoja, kumuuliza ni nani aliyepeleka maneno yao kanisani. Mwalimu wa kwaya alikuwa wa nne. Siku nyingine niliandika "Simama imara." Bibi mmoja Mganda, mwenye mkungu wa matoke kichwani, aliona Kiswahili ubaoni, na kwa watu wa umri wake Kiswahili ni lugha ya askari. Akasimama. Alisimama na matoke yake hadi Musoke alipokwenda kumweleza kwa Kiluganda kwamba ni Mungu tu, si jeshi. Bibi akasema angeambiwa hivyo mapema angeshafika nyumbani.

Nami nilikuwa nyuma ya ua, nachungulia kwenye tundu la msumari, nimejiziba mdomo. Sasa niseme kweli, maana haya mtayasoma nikiwa mbali. Nilikuwa naandika ushujaa na kuishi uoga. Shuleni nilishindwa hata kunyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilibana hadi kengele. Asubuhi naandika "Jipe moyo, Bwana yuko mbele yako", jioni narudi nyumbani kwa njia ndefu ili nisipite dukani kwa yule kijana anayesalimia kila mtu. Nilidhani ni unafiki. Mzee alisema hapana, yeye aliwahi kuchora bango la daktari wa meno huku mwenyewe amebaki na meno mawili tu.

Kesi yangu kubwa ilikuja nikiwa kidato cha tatu, na ilihusu watu wawili ambao wakati huo walikuwa hawajasemeshana chochote cha maana.

Mama Neema alikuwa mjane kutoka Uvira huko Kongo, muuza chai na mandazi chini ya mwavuli mwekundu, ng'ambo ya barabara tu kutoka ubaoni. Fundi Otieno alikuwa Mkenya, mtengenezaji wa cherehani katika soko la Owino. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikaa kwenye benchi la Mama Neema, akanywa vikombe viwili na kula mandazi sita. Alikaa ameutazama ubao, kwa sababu akimtazama mwenye mandazi chai ilikuwa inamwagika. Miaka miwili alifanya hivyo. Shati lake la kijani lilianza kukataa kufungwa vifungo. Kila mtu pale steji alijua kinachomsumbua, na Mama Neema alijua kuliko wote, lakini Fundi hakuwa anafungua mdomo ila kwa andazi.

Muhula ule Mzee Wafula alikwenda Bungoma kwenye msiba wa shemeji yake. Aliniuliza kama nitaweza peke yangu. Nikatikisa kichwa kukubali. Jumatatu nikaandika: "Subiri. Mungu hajachelewa." Ni neno zuri, hata leo nalipenda. Tatizo ni kwamba Jumatatu hiyohiyo mitihani ilianza, ya kwanza ikiwa hesabu, na Jumanne niliamka nimelala juu ya daftari la kemia. Nikasema, ubao utangoja hadi kesho. Jumatano nikasema hivyohivyo. Mkishasema mara mbili, ya tatu inajisema yenyewe.

Jumapili nilikuwa na hofu kwamba mchungaji atauliza. Mchungaji aliusoma ubao, akadhani ni makusudi, akahubiri juu ya kusubiri. Alihubiri saa moja na nusu. Kanisa zima lilisubiri amalize.

Mitihani iliisha Alhamisi ya wiki ya pili. Nikarudi kwa basi la miguu, yaani natembea, na nilipofika steji Musoke akaniita. Ukimwacha Mzee, yeye ndiye peke yake aliyejua siri yangu, kwa sababu waendesha boda boda huamka mapema kuliko watumishi wa Mungu.

"Liziki! Hiyo ubao imekufa ama?"

"Nilikuwa na mitihani," nikanong'ona.

"Kale, sawa. Lakini Fundi iko taabu." Akashuka kwenye pikipiki, na Musoke akishuka kwenye pikipiki ujue jambo ni zito. "Mama Neema anaenda Hoima. Jumamosi asubuhi. Kaka yake iko na hoteli huko, anataka yeye apike. Leo ilikuwa chai ya mwisho. Mimi wiki iliyopita nikaambia Fundi, 'Ssebo, bwana, sema, mwanamke anaenda.' Ananionyesha ubao. 'Musoke, nimemuuliza Mungu, amesema subiri.' Kesho yake namwambia tena, ananionyesha ubao. Siku ya tano, ubao! Jumapili hata mchungaji anasema subili. Sasa mimi ni nani nibishane na mchungaji?"

"Na Mama Neema?"

"Naye si anasoma? Anasema, 'Mungu anisubirishe nini tena? Miye nimeshasubiri miaka miwili.' Banange, Liziki, siku kumi na moja! Mungu akisema mara moja ni neno. Akisema mara kumi na moja ni amri."

Nilihisi kama nimemeza boksi zima la chaki.

Njia ya heshima ilikuwa moja: niende kwa Fundi, niseme ni uzembe wangu. Niliifikiria njia hiyo hadi mlangoni kwetu, nikaiacha hapo. Nikachagua njia ya mwoga mwenye mwandiko mzuri. Ijumaa alfajiri niliufuta ubao, nikaandika kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika: "SEMA LEO. USIOGOPE." Nikarudi nyuma ya ua, nikaweka jicho kwenye tundu la msumari, nikangoja Fundi Otieno aje kusoma.

Hakuja. Alijua hakuna chai, na kuona ile nafasi tupu ya mwavuli mwekundu hakuweza, kwa hiyo alipita njia ya chini akaenda zake Owino. Wengine wote walipita juu. Wengine wote walisoma. Na wengine wote, kwa mara ya kwanza tangu ubao upigiliwe misumari, walitii.

Wa kwanza alikuwa kijana wa steji aliyesoma, akatafakari, akamwambia mwenzake kwamba ile helmeti iliyopotea mwezi uliopita haikupotea. Wakashikana mashati. Mwalimu wa kwaya alimwambia dada wa sauti ya kwanza kwamba anaimba kama mlango. Dada naye alikuwa ameshasoma ubao, akamjibu. Mama yangu mzazi, mwanamke mpole ambaye hajawahi kumkwaza mtu, alirudi kutoka kuchota maji akamweleza jirani kila kitu alichokuwa nacho moyoni kuhusu yule jogoo. Mke wa mchungaji alimwambia mchungaji kwamba mahubiri ya Jumapili yalikuwa marefu. Kufikia saa nne mtaa ulikuwa unanguruma kama soko, watu wakisema leo, bila kuogopa, hata waliokuwa hawana la kusema.

Nikampigia Mzee Wafula huko Bungoma, nikamweleza kwa sauti ndogo.

"Umemwandikia mtu mmoja," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Betri yangu inaisha. Miguu unayo?"

"Ninayo."

"Mdomo?"

Nikatazama tundu la msumari.

"Nao unao," akasema, na simu ikakatika.

Musoke alinipeleka Owino. Njiani niliomba, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali niliomba mdomo wazi na vumbi likaingia. Sikumwomba Mungu aniondolee uoga, niliona muda hautoshi. Nilisema: Bwana, uoga uache hapo ulipo, nipe sauti tu, hata ya kuazima.

Ninyi mnaijua Owino kwa kununua viatu na mama zenu. Mimi niliingia peke yangu, katikati ya milima ya mitumba, wabeba mizigo wakipiga kelele nyuma yangu niwapishe, wauzaji wakinivuta mkono, "Sista, njoo, hii gauni ni yako, ilikuwa inakungojea!" Nikamwambia kila mmoja samahani, na hakuna aliyenisikia. Nikafika kwenye mstari wa mafundi wa nguo, zile mashine za umeme za kushona pindo, kama thelathini hivi, zote zikikimbia kwa pamoja. Kelele ile huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno. Fundi Otieno alikuwa amepiga magoti chini ya mashine moja, bisibisi mkononi, uso umenyong'onyea.

"Fundi," nikasema.

Akaendelea kukaza skrubu.

"Fundi Otieno."

Mwanamke aliyekuwa anashona akaninyooshea mkono nimpe nguo ya kukunja pindo.

Nikavuta pumzi. Nikakumbuka kanisa zima likingoja neno langu moja. Nikafumba macho, nikapiga kelele kwa nguvu zote ambazo sikuwa nimezitumia tangu nizaliwe: "Fundi, Mungu hakusema usubiri! Ni mimi! MIMI NDIYE UBAO! NILIKUWA NA MITIHANI YA KEMIA!"

Nilikuwa katikati ya maneno hayo umeme ulipokatika. Mashine thelathini zikazima kwa pamoja. Sehemu ya ubao na kemia ilisikika, naamini, hadi upande wa pili wa soko. Nilipofungua macho kila mtu alikuwa ananitazama, mikono juu ya vitambaa.  Kisha sauti ya mwanamume kutoka huko kwenye mashuka, nisiyemwona, ikauliza:

"Ulifaulu?"

Sikufaulu, lakini matokeo yalikuwa hayajatoka.

Fundi Otieno alitambaa akatoka chini ya mashine. Akajifuta mikono, akaikunja ile bisibisi ndani ya kitambaa taratibu. Nikamweleza yote, na kwa kuwa soko zima lilikuwa limekwisha kusikia mwanzo, sikuona sababu ya kunong'ona mwisho. Nilimwambia nimemkosea. Nilimwambia Mama Neema anaondoka kesho kwa sababu yangu.

"Si kwa sababu yako," akasema. "Wacha nikuambie kitu, mwanangu. Siku ya kwanza nilisema ni Mungu. Siku ya tatu nikajua kuna mtu amesahau kufuta ubao. Siku ya tano nikashukuru." Akatazama chini. "Ubao ungesema 'Nenda', ningetafuta ubao mwingine."

Nikamwambia namwelewa, kwa sababu mimi nakaa upande wa nyuma wa ubao huohuo.

"Basi sisi ni majirani," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona ana pengo linapotokea tabasamu. "Haya, twende. Lakini utaanza wewe kusema."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye ubao?"

Musoke alitupakia wote wawili, jambo ambalo haliruhusiwi na ambalo halikuwa raha, nimebanwa kati ya Musoke na matokeo ya mandazi ya miaka miwili.

Mama Neema alikuwa ndani ya chumba chake, amepiga magoti juu ya begi akilazimisha zipu. Sufuria zilikuwa zimefungwa kwa vitenge. Mwavuli mwekundu umelazwa ukutani. Fundi akasimama mlangoni. Mimi nikasimama kando yake. Sauti niliyoazimwa ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe. Tukatazama begi.

"Muko wawili," akasema Mama Neema bila kugeuka. "Mumekuja kuniangalia ao kunisaidia kubeba?"

Nikamsukuma Fundi kwa kiwiko. Ndiyo mchango wangu wote.

"Kesho," akasema Fundi, "kesho nitakula wapi?"

Mama Neema akageuka. Sijawahi kuona jicho kama lile. "Kula? Miaka miwili ulikuwa unakuja kwangu ju ya mandazi?"

"Hapana."

"Basi ju ya nini? Sema, Otieno. Basi linaondoka saa moja asubuhi."

Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikifungua kile kitambaa chenye bisibisi na kukikunja upya. Nikasali. Kisha akasema haraka, kama mtu anayetapika ukweli:

"Mimi sipendi mandazi. Sijawahi kupenda mandazi. Hata nyumbani kwetu nilikuwa nampa mbwa."



Mama Neema akaketi juu ya begi. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika ukuta. "Sita!" akasema. "Kila siku sita! Nilikuwa nakuchagulia yale makubwa!"

"Nilijua," akasema Fundi. "Ndiyo maana sikuacha hata moja."

Mama Neema akaacha kucheka. Akamtazama muda mrefu, na mimi nikaanza kuisoma kalenda ya ukutani, maana sikuwa na tundu la msumari la kujificha nyuma yake.

"Tikiti nimeshakata," akasema mwishowe. "Kaka yangu ni mtu muzuri, siwezi kumwambia mambo haya kwa simu. Nitaenda, nitamwambia kwa mdomo kwamba sitamupikia. Nitarudi Jumatano." Kisha akamnyooshea kidole. "Na weye utasubiri."

"Nitasubiri," akasema Fundi Otieno.

Siku nne zile sikugusa habari zao ubaoni. Jumamosi niliandika juu ya kuwapelekea wagonjwa uji. Jumapili niliandika juu ya kusamehe, kwa sababu kufikia wakati ule mtaa mzima ulihitaji, kuanzia kwaya hadi kwa jogoo. Fundi hakusoma. Kila asubuhi alikaa kwenye lile benchi tupu, ameupa ubao mgongo, anatazama nafasi ya mwavuli. Nilimwombea Mama Neema asipate hoteli nzuri kupita kiasi. Sijui kama ni sala halali. Nimeiandika hapa kama ilivyokuwa.

Jumatano nilichelewa makusudi. Nilikwenda jua likiwa limeshatoka, watu wamejaa, nikapanda stuli mbele ya kila mtu. Stuli ikalia na kuyumba, na Fundi akavuka barabara kuja kuishika. Sikumbuki hata niliandika nini siku ile. Nakumbuka nilikuwa kwenye herufi ya mwisho nilipomsikia Musoke akipiga honi kama ya harusi, naye anakuja na begi mbele na Mama Neema nyuma, mwavuli mwekundu ukiwa umeshikwa kama mkuki.

Hakusalimia mtu. Aliwasha mkaa, akachemsha maji, nasi tukasimama kama watu walioalikwa. Akamkaribisha Fundi akae. Akamwekea kikombe kimoja cha chai, na kwenye sahani muhogo wa kuchemsha. Hakukuwa na andazi hata moja. Fundi alimtazama usoni wakati wote, na chai haikumwagika.

Mzee Wafula aliporudi nilimpa chaki, nikajua kazi imekwisha, maana kanuni yake nilikuwa nimeivunja. Alisoma ubao, akasema amesikia nilipanda stuli mbele ya watu, akaniuliza ni nani aliyenishikia, nikamwambia. Akanirudishia chaki. Ndiyo sababu nimeendelea hadi leo, na mchana kweupe.

Jumapili iliyopita mchungaji aliniita mbele niage. Mliona wenyewe. Niliwatazama watu, watu wakanitazama, na uoga ulikuwepo palepale, haujazeeka hata kidogo. Nikasema, "Msiogope," nikaketi. Mke wa mchungaji alipiga makofi kuliko watu wote.

Sasa ni zamu yenu. Stuli mguu mmoja ni mfupi, wekeni kipande cha tofali. Sukari kijiko kimoja. Rehema, herufi zako za G zinafanana na samaki, lakini watazoea. Eliya, amka. Msimwandikie mtu mmoja, mwendeeni. Na mitihani ikifika, kabla hamjafungua daftari lolote, futeni ubao.